Bakuli la Tambi Ugenini: Hukumu ya Kula Katika Migahawa ya Mtaani ya Kichina

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu wote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Tumepokea swali kutoka kwa kijana wetu mmoja mfanyabiashara wa vitambaa ambaye alisafiri kwenda Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambao wafanyabiashara wetu wa Afrika ya Mashariki wanaujua vizuri. Alifikia kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu, na chini yake palikuwa na mgahawa mdogo ulio wazi upande wa barabara, wenye viti vya plastiki na karai kubwa juu ya moto mkali. Kwa kuwa alijua kwamba nyama ya pale hairuhusiki kwake, kila siku alionyesha kidole picha ya tambi za mboga, akala na kushukuru. Siku ya sita alikutana na mwanafunzi wa kwetu anayesoma Kichina, wakaingia pamoja. Mwanafunzi yule akaangalia chungu kilichokuwa kando ya jiko, kisha akamwambia: "Kaka, hayo ni mafuta ya nguruwe, na ndiyo wanayokaangia kila kitu hapa."

Kijana wetu anasema kwamba tokea siku hiyo hana raha. Anauliza: nini hukumu ya alichokula? Na zile sala za siku tano? Pia anasema kwamba aliporudi, kila mtu alimjibu lake. Mmoja alimwambia kuwa msafiri ana dharura, na dharura huhalalisha yaliyoharamishwa, basi asijisumbue. Mwingine akamwambia kuwa haifai kabisa kula katika mgahawa wowote wa Mchina, hata akiwa Mchina huyo ni Muislamu, mpaka uione nyama ikichinjwa kwa macho yako.

Tumeona swali hili si la mtu mmoja. Wako wengi wanaosafiri kwa biashara, masomo na matibabu, na wako wanaokula katika migahawa ya Kichina hapa hapa katika miji yetu. Kwa hivyo tumependa kulieleza kwa urefu, tukianza na historia yake, maana Waislamu wamelikabili jambo hili katika mji ule ule kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Swali la zamani katika mji wa zamani

Vitabu vya historia vya Kichina vimeandika kufika kwa ujumbe kutoka dola ya Kiislamu katika mwaka 651, yaani mwaka wa 31 wa Hijra, katika ukhalifa wa Uthman bin Affan (r.a.). Waislamu wa China wana mapokezi kwamba Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) ndiye aliyeufikisha Uislamu Guangzhou, na huonyesha kaburi huko kuwa ni lake. Wanahistoria wetu, hata hivyo, wameandika kuwa Saad alifariki al-Aqiq karibu na Madina na akazikwa Baqii. Lisilo na shaka ni kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu walikaa katika mji huo tokea karne za mwanzo, na msikiti wa Huaisheng wenye mnara wake mrefu mweupe umesimama hapo mpaka leo.

Katika habari za mabaharia na wafanyabiashara zilizoandikwa kwa Kiarabu mwaka 237 wa Hijra, sawa na 851, mji huu unaitwa Khanfu. Humo imetajwa kuwa mfalme wa China alimweka Muislamu mmoja awahukumu Waislamu wenzake kwa sharia yao, na kuwasalisha siku za Idi na kuwahutubia. Habari hizo hizo zimetaja jambo ambalo ndilo kiini cha makala yetu: kwamba wenyeji hawakuwa wakichinja wanyama wao, bali walikuwa wakiwapiga kichwani mpaka wafe. Kwa hivyo Muislamu wa Khanfu wa wakati huo alikuwa na suala lile lile alilo nalo kijana wetu.

Baada ya karne tano akafika Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa ameshapita Mombasa na Kilwa. Katika safari yake ya China ameeleza kuwa nyama ya nguruwe na ya mbwa ilikuwa ikiuzwa hadharani masokoni, na kwamba alikuwa akidhikika na anayoyaona mpaka akawa hatoki nyumbani ila kwa haja. Lakini ameeleza vile vile kwamba kila mji una mtaa wa Waislamu wenye misikiti, na kwamba alipokutana na Waislamu alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu zake wa damu. Huo mtaa wa Waislamu ndio uliokuwa jawabu. Palipo na jamaa ya Waislamu hupatikana mchinjaji, na palipo na mchinjaji hupatikana mpishi.

Maana ya qingzhen

Waislamu wa China si wageni waliopita njia. Kabila la Hui peke yake, ambalo watu wake wanazungumza Kichina na wamechanganyika na wenyeji kwa karne nyingi, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 11 katika sensa ya mwaka 2020. Mbali nao wako Wauighur, Wasalar, Wadongxiang na wengineo, jumla yao makabila kumi. Wengi wao wanafuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Imamu wao humwita ahong, neno lililotokana na Kifursi, na kwa desturi yao yeye au aliyefunzwa naye ndiye anayechinja.

Neno wanalolitumia kwa chakula cha halali ni qingzhen, linaloandikwa kwa herufi mbili: 清真. Herufi ya kwanza ina maana ya safi, na ya pili ina maana ya kweli. Ni neno hilo hilo wanalouita msikiti na dini yenyewe. Maulamaa wao walilitilia mkazo sana suala la chakula. Liu Zhi wa Nanjing, aliyeandika kwa Kichina mwanzoni mwa karne ya 18, katika kitabu chake Tianfang Dianli ameweka milango maalumu juu ya chakula na kinywaji, akiwaelezea wasomi wa Kichina kwa lugha yao wenyewe kwa nini Muislamu hali hiki na anakula kile.

Msafiri anapaswa kuzijua herufi hizo mbili kama anavyojua jina lake. Zamani migahawa mingi ya Waislamu ilikuwa ikiandika pia neno halali kwa Kiarabu kwenye kibao, na msafiri wa kwetu akilitafuta hilo tu. Lakini mwaka 2019 iliripotiwa kuwa wakuu wa Beijing waliiamrisha migahawa ya halali iondoe maandishi ya Kiarabu na alama za Kiislamu, na jambo kama hilo limefanyika katika miji mingine pia. Kwa hivyo kutokuwepo Kiarabu kwenye kibao si dalili kwamba mgahawa si wa Waislamu. Huenda ikawa herufi zile mbili tu ndizo zilizobakia, na pengine kofia nyeupe ya mpishi au mtandio wa mama anayepokea pesa.

Mgahawa wa tambi

Mgahawa wa Waislamu ulioenea zaidi katika miji ya China, na ulio rahisi zaidi, ni ule wa tambi za Lanzhou. Lanzhou ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi, na asili ya chakula hiki inanasibishwa na Muislamu wa Kihui aitwaye Ma Baozi, ambaye inasimuliwa alianza kuuza tambi za supu ya ng'ombe mwaka 1915. Migahawa mingi iliyoko katika miji ya mashariki na kusini inaendeshwa na familia za Kihui na Kisalar kutoka wilaya ya Hualong, jimbo la Qinghai. Baba huvuta tambi, mama huhudumia, na mtoto hufanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni.

Unga wa ngano hukandwa, ukavutwa kwa mikono, ukakunjwa na kuvutwa tena mpaka donge moja liwe nyuzi nyingi. Mteja huchagua unene: nyembamba kama unywele, pana kama jani la kitunguu, au pana zaidi kama mshipi. Wenyewe wana kipimo cha rangi tano: supu iwe safi ya kuonekana mpaka chini, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani na ya kitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Supu ni ya mifupa na nyama ya ng'ombe. Bakuli moja mara nyingi ni chini ya yuan 20, na linamshibisha mtu mzima.

Tumeieleza habari hii kwa makusudi, kwa sababu mwenye kusema kuwa msafiri wa China ana dharura ya kula haramu hajui hali ilivyo. Dharura iliyotajwa katika aya ya 173 ya Suratul Baqarah na aya ya 3 ya Suratul Maida ni ya mtu aliyebanwa na njaa akahofia nafsi yake, hana kingine, na hata huyo hali ila cha kumwokoa bila ya kutaka wala kupita mipaka. Ama mtu aliye katika mji wenye mayai, ndizi, wali mweupe, samaki na mgahawa wa Waislamu mtaa wa pili, huyo ana uvivu wa kutembea. Hana dharura.

Nyama: asili yake ni katazo

Sasa tuingie katika hukumu zenyewe. Asili ya vitu vyote ni uhalali na utohara mpaka ije dalili. Lakini fuqahaa wameitoa nyama katika kanuni hii, wakasema kuwa asili ya nyama ni katazo mpaka ijulikane kuwa mnyama amechinjwa kisharia na mwenye kustahiki kuchinja. Mwenye kustahiki ni Muislamu, au aliyepewa Kitabu katika Mayahudi na Wakristo kwa mujibu wa aya ya 5 ya Suratul Maida, kwa masharti waliyoyaeleza maulamaa wa kila madhehebu.

Wachina walio wengi ama wanafuata Ubudha, ama Utao na mila za wazee wao, ama hawana dini. Hao si watu wa Kitabu. Basi kuku, ng'ombe na mbuzi wa mgahawa wa kawaida wa Kichina hawali Muislamu, hata kama nguruwe hakuingia humo kabisa. Wengi wanateleza hapa, wakidhani kuwa wakimwepuka nguruwe wamesalimika.

Ama akiwa mwenye mgahawa ni Muislamu na akasema nyama yake ni halali, neno lake linakubaliwa, na wala hatulazimiki kumfuata machinjioni. Maulamaa wa Kishafii wametaja kuwa hata fasiki akisema, "Mimi nimemchinja mbuzi huyu," hukubaliwa. Na katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa watu walimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wako jamaa wanaowaletea nyama na hawajui kama imetajiwa jina la Allah au la. Jamaa hao walikuwa wameingia katika Uislamu karibuni. Mtume akawaelekeza wao wenyewe walitaje jina la Allah na wale. Hadithi hii inamjibu yule aliyesema asile mpaka aone kwa macho. Kumdhania Muislamu ubaya bila ya dalili si uchaMungu, na Muislamu wa Qinghai haki yake juu yetu ni sawa na ya Muislamu wa Lamu.

Lakini tuzinduane: neno "Lanzhou" kwenye kibao si cheti. Si kila anayeuza tambi hizo ni Muislamu, na hakuna sheria moja ya taifa zima juu ya alama ya qingzhen, bali kanuni zimeachiwa majimbo na miji. Vivyo hivyo mkate wa nyama maarufu wa Xi'an, uitwao roujiamo: katika mtaa wa Waislamu wa mji huo hutengenezwa kwa ng'ombe, na nje ya mtaa huo kwa kawaida ni nguruwe.

Karai, mafuta na vyombo

Hapa ndipo ilipo shida ya kijana wetu, kwa sababu yeye hakula nyama. Je, mboga zilizopikwa na asiye Muislamu zina ubaya?

Zenyewe hazina. Mtume (s.a.w.) alikula chakula cha Mayahudi, na katika hadithi ya Imran bin Husain (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, yeye na Masahaba zake walitumia maji yaliyokuwa katika kiriba cha mwanamke mshirikina. Kwa hivyo mkono wa asiye Muislamu haunajisi chakula.

Lakini Abu Thalaba al-Khushani (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya watu wa Kitabu waliokuwa jirani zao, alimjibu kwamba wakipata vingine wasivitumie hivyo, na wasipopata basi waoshe kisha wale. Mapokezi ya Abu Daud yamebainisha sababu: watu hao walikuwa wakipika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Ukizijumuisha hadithi mbili hizi utapata kanuni: chombo kisichojulikana hali yake ni tohara, na chombo kinachojulikana kutumiwa kwa najisi hakitumiki mpaka kioshwe.

Tutazame basi jiko la mgahawa wa mtaani. Mpishi ana karai moja. Anapika nguruwe na pilipili, anamwaga maji kidogo, anasugua kwa ufagio wa mianzi, anayamwaga, na hapo hapo anatia mafuta kwa sahani ya pili. Yote hayo kwa muda usiofika dakika moja. Ufagio ni ule ule, na mwiko ni ule ule. Katika madhehebu ya Imam Shafii, najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa kuifananisha na ya mbwa. Imam an-Nawawi katika al-Majmuu ameona kuwa kwa upande wa dalili inatosha kuosha mara moja bila ya udongo. Hata tukiichukua kauli hii nyepesi, ufagio uliojaa mafuta ya nguruwe hautoharishi kitu. Na chungu cha mafuta ya nguruwe kikiwa ndicho cha kukaangia, basi hapana tena haja ya kujadili karai. Mafuta hayo yanapendwa katika mapishi yao kwa sababu ya harufu yake, na hutiwa hata kwenye mboga za majani, tambi na baadhi ya vitumbua vitamu.

Kwa hivyo jina "ya mboga" kwenye orodha halitoshi. Linahusu kilichokatwa kwenye ubao, na halihusu kilichomo kwenye karai. Salama zaidi kwa asiyepata mgahawa wa Waislamu ni matunda, mayai ya kuchemsha, wali mweupe uliopikwa katika chombo chake peke yake, au mgahawa wa chakula kisicho na mnyama unaoendeshwa na wafuasi wa Budha, ambao huandika herufi 素. Huko hawatii nyama wala mafuta ya nguruwe katika kitu chochote, ingawa inabaki kuuliza juu ya pombe ya kupikia.

Pombe ya kupikia, sosi ya soya na siki

Wapishi wa Kichina hutia mvinyo wa mchele katika nyama na samaki ili kuondoa shombo. Maarufu zaidi ni ule wa Shaoxing, wenye takriban asilimia 15 ya pombe. Wengine husema kwamba pombe hiyo huruka yote kwa moto. Si kweli. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 hubakia na takriban asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, na sahani ya karai haikai motoni hata dakika tano. Isitoshe, Mashafii na jamhuri ya maulamaa wanaihesabu khamri kuwa ni najisi, basi chakula kimeshanajisika pale ilipotiwa, hata kama ingeruka yote baadaye. Na Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa kinacholevya kwa wingi wake, hata kichache chake ni haramu. Samaki basi, ambaye hahitaji kuchinjwa na ambaye wengi humkimbilia, anahitaji swali lake: amepikwa na nini?

Ama sosi ya soya hukumu yake ni nyingine. Hiyo hutengenezwa kwa soya, ngano na chumvi vilivyochachuliwa, na huweza kuwa na pombe kidogo iliyojitokeza yenyewe bila ya kukusudiwa ulevi. Maulamaa wa zama hizi wamelitazama jambo hili, na Baraza la Maulamaa la Indonesia katika fatwa yake namba 10 ya mwaka 2018 limehukumu kuwa vyakula vya kuchachuliwa vya aina hii ni halali maadamu havikutiwa kitu cha haramu na havina madhara. Na siki ni katika vitoweo alivyovisifu Mtume (s.a.w.), kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim. Hakuna haja ya kuyakaza yaliyo mepesi.

Vya baharini na majina yanayopoteza

Katika madhehebu yetu ya Kishafii viumbe wa baharini ni halali, kwa dalili ya aya ya 96 ya Suratul Maida, isipokuwa wanaoishi nchi kavu na majini. Katika al-Minhaj, Imam an-Nawawi amewataja chura, kaa na nyoka kuwa ni haramu. Wahanafi wamekaza zaidi, hawaruhusu ila samaki. Ndiyo sababu Mshafii anaweza kustaajabu kuwa rafiki yake wa Kihui hali ngisi wala pweza. Asimcheke wala asimlazimishe, kila mmoja ana imamu wake.

Yako majina mawili ambayo msafiri lazima ayajue. La kwanza ni neno rou, yaani nyama. Katika Kichina likisimama peke yake, katika orodha ya chakula, maana yake ni nguruwe. Ng'ombe husema niurou na kondoo au mbuzi husema yangrou. La pili ni tianji, ambalo tafsiri yake neno kwa neno ni "kuku wa shambani". Msafiri akitafsiriwa hivyo hufurahi, na kumbe ni chura.

Meza yenye pombe

Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.), katika mapokezi ya Tirmidhi, katazo la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Hili linamgusa sana mfanyabiashara, kwa sababu wenye viwanda huwakirimu wateja wao kwa chakula na vinywaji. Tunamshauri awahi yeye kualika: "Leo mimi ndiye mwenyeji, twende kwa Waislamu wenzangu." Wachina wengi wanazijua tambi za Lanzhou na mishikaki ya kondoo na wanazipenda, na hapana aibu ndani yake. Pia iko migahawa yenye alama ya qingzhen ambayo huuza bia. Nyama yake haiharamiki kwa sababu hiyo, lakini palipo na mwingine usiouza, huo ndio wa kuendea.

Jawabu kwa kijana wetu

Tunarudi kwa aliyetuuliza. Kwanza, hana dhambi kwa alichokula bila ya kujua, kwani Allah (s.w.) hamwadhibu mja kwa kosa asilolikusudia. Alijitahidi, akaiepuka nyama, akakosea kwa kutojua. Wala hakuna kafara juu yake. Wajibu wake siku ile alipojua ulikuwa ni kuacha, na kuosha kinywa na mikono yake.

Ama sala za siku tano, ikiwa athari ya najisi ilibaki kinywani wakati wa sala, maulamaa wa Kishafii wana kauli mbili juu ya aliyesali na najisi asiyoijua. Kauli mpya ya Imam Shafii ni kuwa arudie, nayo ndiyo iliyotegemewa katika madhehebu. Kauli yake ya kale ni kuwa si lazima, na an-Nawawi ameipa nguvu kwa upande wa dalili, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alivua viatu vyake ndani ya sala alipojulishwa kuwa vina uchafu, na hakuianza sala upya, kama alivyopokea Abu Said al-Khudri (r.a.). Akirudia kwa kujitoa katika hitilafu ni vizuri, na hizo ni sala za siku tano tu. Asiporudia, hatumlaumu.

Pili, aelewe kwamba dhiki aliyoiona moyoni ni neema. Mtume (s.a.w.) amebainisha katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.) kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza ambayo wengi hawayajui, na mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake na heshima yake. Katazo la kuogopa ni la mtu anayekula bila ya kuuliza, na moyo wake ukazoea.

Tatu, safari ijayo afanye haya: azihifadhi herufi mbili za 清真 na aziweke katika simu yake, akifika mji wowote autafute msikiti kabla ya kuutafuta mgahawa, na awaulize wanaosali humo wanakula wapi, ajifunze kusema kwa Kichina kwamba yeye ni Muislamu, asiridhike na kutikiswa kichwa na mpishi asiyefahamu alichoulizwa, na kwa migahawa ya Kichina iliyoko katika miji yetu, atumie vipimo hivi hivi, yaani nani amechinja, karai linapikia nini, na ni kitu gani kinatiwa kuondoa shombo.

Na maimamu tunawaomba walifundishe jambo hili kabla ya watu kusafiri. Kijana anayeaga msikitini baada ya sala ya Ijumaa huombewa dua ya safari, na hilo ni jema. Lau angeongezewa dakika kumi za kufundishwa hukumu za chakula cha huko aendako, asingekaa siku tano mbele ya chungu asichokijua, na huku ndugu zake Waislamu wanavuta tambi mtaa wa pili.

Tunamwomba Allah atutosheleze kwa halali yake atuepushe na haramu yake, na azihifadhi nyumba za ndugu zetu wa China. Wallahu aalam.